Shangazi, nililipuliwa Kandahar mwaka 2010. Nishani yangu naweza kuidai leo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Tanga, ingawa ujana wenyewe umebaki jina tu, maana nimefikisha miaka 41. Nilishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, nikaja huku, nikabeba maboksi ghalani kwa muda, halafu mwaka 2008 nikajiunga na jeshi la nchi kavu. Nyumbani walinicheka, eti nimekimbia njaa nikafuata risasi. Jeshini nilikuwa dereva wa malori na magari ya deraya. Uraia niliupata humohumo. Nilitoka mwaka 2012 kwa heshima zote, na sasa niko Texas na mke wangu na watoto, bado naendesha malori, ila ya kiraia.

Agosti 2010 tulikuwa mkoa wa Kandahar, Afghanistan. Msafara wetu ulikuwa unapeleka maji na vipuri kwenye kituo kidogo, gari langu likakanyaga bomu la kutegwa. Ninachokumbuka ni vumbi kujaa puani na mkono wa mtu ukihangaika na mkanda wangu. Mwenzangu aliyekuwa juu kwenye bunduki anasema nilizimia, kichwa kimelalia usukani, aliniita weee sikuitika. Yeye alichanwa mkono na kipande cha chuma, akashonwa. Mimi sikutoka hata tone la damu.

Kituoni tabibu wa kikosi, askari wa huduma ya kwanza, alinikalisha juu ya katoni za maji. Akanisomea maneno matano ya Kiingereza, akataka niyarudie. Kisha akaniambia nitaje miezi ya mwaka kinyumenyume. Nikaanza na Desemba, Novemba, nilipofika Septemba nikaona ananikodolea macho: kumbe nimeshahamia kwenye Kiswahili, na bado nilikuwa nakosea. Aliporudi kwenye yale maneno matano, nilikumbuka mawili. Akaandika alama kwenye karatasi yake, akaniambia nikalale. Nilikaa ndani siku tatu natapika, mwanga ukiniumiza macho. Siku ya nne nikarudi kwenye usukani. Madereva walikuwa wachache, na mimi sikutaka nionekane ni yule mgeni anayetegea kazi.

Mwenzangu alivishwa Purple Heart, nishani ya Marekani ya askari waliojeruhiwa na adui, mbele ya gwaride. Nilipomuuliza ofisa mmoja kuhusu yangu, alinijibu kwamba kichwa kuuma si jeraha. Nikasalimu amri, nikanyamaza. Nilichopata kutokana na siku ile ni Combat Action Badge, beji ya askari aliyekabiliana na adui, na amri yake ninayo, ina tarehe.

Shangazi, kichwa hakijaniacha. Idara ya maveterani, yaani askari waliomaliza utumishi, imenipa kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 kwa ajili ya maumivu hayo. Kusahau ndiko kunakoniogopesha: nimewahi kusimama sokoni nikashindwa kukumbuka nimetumwa nini. Mwaka jana yule mwenzangu alinipigia simu, tukapiga soga, akaniuliza, "Hivi wewe hawakukupa?" Tangu siku hiyo sina raha. Niliandika barua kwenye ofisi moja, nikaambatanisha barua ya asilimia 30, wakanijibu kwa aya moja kwamba ushahidi hautoshi.

Mke wangu anasema, "Hicho chuma ukikipata tutakipika?" Baba yangu ndiye kabisa. Alipigana Vita vya Kagera, aliingia Uganda mwaka 1979, na ana kipande cha chuma pajani hadi leo. Nikimgusia habari hizi anacheka, anauliza mvua huko Texas zinanyesha? Halafu kuna mtu mtandaoni ameniambia nimtumie dola 1,500 atanimalizia kila kitu. Na nishani yenyewe nimeiona inauzwa, bei yake haifiki hata ya viatu vya watoto.

Muda umeshapita? Huyu mtu nimlipe? Au niachane na mambo haya kama wanavyosema nyumbani? Hela sitaki. Nataka iandikwe kwamba niliumia.

Dereva, Texas

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya kichwa, na pole ya lile jibu la ofisa wako, maana naona limekuuma kuliko bomu lenyewe.

Nianze na muda: haujapita. Purple Heart haifanani na nishani za ushujaa. Za ushujaa mkubwa wako anakupendekeza, wakubwa wake wanapima, na mapendekezo hayo yana ukomo wa muda. Hii ni stahili. Ukijeruhiwa na adui, jeraha likahitaji kutibiwa na ofisa wa tiba, yaani daktari wa jeshi mwenye cheo cha ofisa, si kuangaliwa tu, na tiba hiyo ikaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi, basi ni yako. Hakuna wa kukupendelea wala wa kukuonea huruma. Kwa hiyo acha kabisa kuandika barua za kuomba. Ulichonacho ni dai, na dai hufuatana na karatasi.

Sasa huyo ofisa. Sitamtetea, ila hakuwa peke yake. Miaka ile makamanda wengi waliona jeraha ni lile linalotoka damu, na vijana waliotikiswa ubongo wakarudishwa kazini mikono mitupu. Malalamiko yalizidi mpaka Machi 2011, jeshi la nchi kavu likatoa maelekezo ya kufafanua jambo hili: mtikisiko wa ubongo uliosababishwa na adui unahesabika ikiwa mtu alizimia, au aliondolewa kwenye kazi zake kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili zake. Na wakasema wazi kwamba waliokataliwa tangu Septemba 11, 2001 wanaweza kuwasilisha upya. Wewe unasema ulizimia, na ukakaa ndani siku tatu. Mlango mmoja ungetosha, wewe una miwili.

Usidhani ni mambo ya kwenye makaratasi tu. Januari 2020 Iran ilipiga makombora kambi ya Al-Asad kule Iraq. Hakuna Mmarekani aliyekufa, na siku za mwanzo ilisemwa hakuna hata aliyeumia. Baadaye zaidi ya askari 100 wakakutwa na mtikisiko wa ubongo. Walioanza kupewa Purple Heart walikuwa 29, na Desemba 2021 wakaidhinishwa wengine 39 baada ya majalada yao kuangaliwa upya. Kwa hiyo kusema "nilisahaulika" si aibu, wala si jambo geni kwa hao wanaopokea madai.

Nikwambie lakini penye kasoro, maana nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na nimeona faili nyingi zikikwama kwa karatasi moja. Wewe hukutibiwa na daktari. Ulitibiwa na tabibu wa kikosi, na tabibu wa kikosi si ofisa wa tiba. Kanuni ya nishani za jeshi, ile AR 600-8-22, imeacha upenyo hapa: tiba ya mhudumu mwingine inakubalika endapo ofisa wa tiba ameandika kwenye kumbukumbu zako kwamba jeraha lilikuwa la kiasi cha kuhitaji ofisa wa tiba kama angekuwapo. Je, siku zile tatu hakupita daktari au msaidizi wa daktari kukuona? Hakuna aliyetia saini chini ya maelezo ya tabibu? Hapo ndipo faili lako litakaposimama au kuanguka. Mengine yote uliyoniandikia ni ya kusaidia tu.

Ile karatasi ya maneno matano ina jina. Inaitwa MACE, kipimo cha mtikisiko wa ubongo walichokuwa wakitumia uwanjani, na alama zake ni kati ya 30. Kukumbuka mawili kati ya matano na kuhama lugha katikati ya miezi ni matokeo, yanaandikwa. Ukiipata karatasi hiyo, au maelezo yake yaliyonakiliwa kwenye fomu ya kumbukumbu za tiba, SF 600, umepata kitu kizito kuliko barua kumi za marafiki.

Utaipata wapi? Hapa wengi wanakosea mlango. Wanaandikia hifadhi ya kumbukumbu za utumishi kule St. Louis, wanaletewa jalada la vyeo na uhamisho, halafu wanasema kumbukumbu zangu za tiba zimepotea. Askari wa nchi kavu waliotoka kati ya mwishoni mwa 1992 na mwisho wa 2013, majalada yao ya tiba yalikabidhiwa idara ya maveterani. Wewe umetoka 2012, umo humo. Jaza fomu 20-10206 ya idara hiyo, taja kwamba unataka jalada lote la tiba ya utumishi pamoja na kumbukumbu za uwanja wa vita, usiseme tu "faili langu". Jalada la utumishi liombe pia, kwa fomu SF 180 au mtandaoni, kwa sababu humo ndimo zilimo amri ya kwenda Afghanistan na amri ya beji yako.

Na hiyo beji usiidharau. Amri yake yenye tarehe inathibitisha kwamba siku ile palikuwa na adui, na hilo ni jambo la kwanza wanalouliza. Yule aliyejigonga kwa sababu lori liliteleza hapewi, hata avunjike miguu yote. Kama kikosi kilijaza kadi ya majeruhi, ile DA 1156, itakuwa na jina lako na la mwenzako.

Kuhusu jina, naomba uniruhusu niseme jambo ambalo maofisa wa huku hawatakwambia. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mtu anapoingia jeshini, la babu linageuzwa la ukoo. Akiapa uraia, la baba linakatwa. Tabibu naye kwenye vumbi anaandika alivyosikia. Nimewaona watu watatu kwenye karatasi, kumbe ni kijana mmoja. Kabla hujatuma chochote, panga karatasi zako mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi, pamoja na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii. Palipo na tofauti, weka maelezo mafupi na nakala ya cheti cha uraia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo, ila limeandikwa kwa mikono mingi.

Mashahidi. Tafuta wawili waliokuwepo kwa macho yao. Mmoja unaye, na bahati nzuri ndiye aliyekuona umezimia. Mwombe aandike mwenyewe, kwa maneno yake, atie saini na tarehe: alikuwa amekaa wapi, aliona nini, alikuita mara ngapi hukuitika, nani alikutoa garini. Usimwandikie. Maelezo mawili yaliyofanana neno kwa neno yananuka kutoka mbali. Wa pili awe yule aliyekufungua mkanda, au tabibu mwenyewe, na huyo tabibu ukimpata ni dhahabu, kwa sababu anaweza pia kukutajia jina la daktari aliyekuwa juu yake. Muulize mwenzako. Vikosi vilivyokuwa vitani pamoja havipotezani, kuna kundi la simu mahali fulani ambalo wewe hujaingizwa kwa sababu ulinyamaza miaka yote hii.

Barua ya asilimia 30 iambatanishe, lakini usiitegemee. Nadhani ndiyo iliyokuponza mara ya kwanza. Inathibitisha kwamba leo unaumwa na kwamba chanzo ni utumishi. Haithibitishi kwamba Agosti 2010 ulitibiwa. Wao wanataka karatasi ya siku zile.

Ukishakusanya, andika maelezo yako ukurasa mmoja tu. Weka tarehe, mahali, nini kilitokea, dalili zipi, nani alikutibu. Habari za ofisa aliyekudharau zitoe. Najua unatamani zibaki, lakini zinamfanya msomaji aanze kusoma ugomvi badala ya jeraha. Mfuko wote unakwenda kitengo cha nishani cha kamandi ya rasilimali watu ya jeshi, Fort Knox, Kentucky. Wakikubali, utapewa nishani na cheti chake, na hati yako ya kutoka jeshini, DD 214, itarekebishwa kwa nyongeza iitwayo DD 215. Unaposema unataka iandikwe, ndiyo hiyo.

Wakikataa, usichane karatasi. Kuna bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, unaifikia kwa fomu DD 149. Sheria inataka uende ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ila bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na husamehe. Huko si pa haraka, inaweza kupita mwaka na zaidi. Ofisi ya mbunge wako wa Bunge la shirikisho, Congress, inaweza kuulizia faili limefikia wapi. Haiwezi kukupa nishani, lakini barua yenye nembo ya Bunge huwa haikai chini ya rundo.

Wa dola 1,500 usimpe hata senti. Vyama vya maveterani, kikiwemo chama chenyewe cha wenye Purple Heart, pamoja na American Legion, VFW na DAV, vina wawakilishi wanaosaidia bure, na Texas nzima wamejaa. Na ile ya dukani iache hukohuko dukani. Tangu 2013 kuna sheria ya shirikisho: anayejidai ana Purple Heart ili apate fedha au manufaa anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Najua hukuwa na nia hiyo. Lakini picha moja ya harusini umeivaa, ikakutwa na wale wanaokagua dai lako, utajieleza vipi?

Nimalizie na nyumbani. Mkeo kwenye hesabu ana haki, tena kuliko unavyodhani. Purple Heart haina posho ya mwezi. Masomo, ulitumikia zaidi ya miaka mitatu baada ya 2001, kwa hiyo asilimia 100 ya mafao ya elimu unayo tayari. Hospitali, wenye nishani huwekwa kundi la 3 la kipaumbele, na wewe kwa asilimia 30 uko la 2. Itabaki pengine namba maalumu ya gari na heshima ya gwaride. Mwambie hivyo mwenyewe, usimfiche, kwa sababu nahisi anadhani umeahidiwa hela na mtu wa mtandaoni, na anaogopa utatapeliwa. Ukimweleza kwamba huyo hutamlipa, nusu ya maneno yake yatakwisha.

Halafu mwambie na lile la sokoni. Hilo hukumwambia, nimelisoma katikati ya mistari. Kusahau kunakoongezeka hakungoji Fort Knox. Nenda kwa daktari mwezi huu, sema wazi kwamba ulilipuliwa, uombe upimwe matokeo ya mtikisiko wa ubongo, na asilimia 30 ikiwa haitoshi omba iangaliwe upya. Dereva wa lori anayesahau njia ni hatari kwake na kwa wengine, na hilo unalijua, ndiyo maana umeliweka katikati ya barua badala ya mwanzo.

Baba yako mwache acheke. Wazee wa Kagera wana namna yao ya kubeba mambo, na kuulizia mvua ni mojawapo. Ila ukienda Tanga, muulize chuma kile cha pajani kiliingia wapi, siku gani, na alikuwa na nani. Andika atakayosema, na jina lake liandike lote matatu.

Fomu ya jalada la tiba itume kwanza, maana ndiyo inayochelewa. Wakati unasubiri, mpigie mwenzako.

Shangazi